Kinu Kitupu cha Kisongwe

Isome hadithi hii ukiwa umetulia, halafu mpelekee mtu ambaye huwa unamsubiri arudi nyumbani. Haichekeshi. Anayetaka kucheka atafute nyingine, zimejaa tele humu humu kwenye simu.

Kando ya Ziwa Tanganyika palikuwa na kijiji kikiitwa Kisongwe. Kilikuwa kimejibana kati ya maji na jabali, na watu wake walisafiri zaidi kwa mitumbwi ya tanga kuliko kwa miguu, maana njia ya nchi kavu ilipanda na kushuka mpaka mtu akasahau alichokuwa anakifuata.

Kijiji hicho kilikuwa na desturi yake. Mvua ikifunga ziwa, yaani ikinyesha hadi aliye mbele ya mtumbwi hamwoni aliye nyuma, wanawake walitoa vinu vyao, wakavisimamisha mwaloni pale mitumbwi inapotia nanga, wakaanza kutwanga. Ndani ya vinu hamkuwa na kitu. Siku za kawaida kinu kitupu hakitwangwi, watu husema ni kuita njaa. Lakini siku ya mvua ya kufunga mwiko huo uliwekwa kando, na sauti ikasafiri juu ya maji: mapigo matatu, kimya, mapigo matatu tena. Kile kimya kiliachwa makusudi, ili aliye ziwani apate nafasi ya kusikiliza. Wanaume waligeuza mitumbwi kuelekea kwenye sauti, wakafika kwao.

Kila mwanamke alikuwa na mkono wake. Zaituni, mke wa Feruzi, pigo lake la tatu lilikuwa zito kuliko mawili ya kwanza. Alianza hivyo angali mwali, akaambiwa ajirekebishe, akakataa. Baadaye hakuna aliyemwambia tena, kwa sababu mumewe alikuwa akilitambua pigo hilo akiwa mbali kuliko wanaume wote wa Kisongwe.

Huyo Feruzi alikuwa nahodha, na hakuwa nahodha wa kubahatisha. Baba yake alimfundisha kusimama peku ndani ya mtumbwi. Ziwa, alisema marehemu, husomwa kwa nyayo. Wimbi linalotoka mbali lina mwendo wake, na lile lililogonga kitu likarudi lina mwendo mwingine, na mguu uliozoea huyatofautisha hata macho yakiwa yamefumbwa. Feruzi alijua hayo. Alijua jinsi vilima vinavyopangana mtu akielekea kwao, na harufu ya matope ya kijito cha kwao. Sema ujuzi ni kama panga, usipotumiwa unashika kutu, na mwenyewe hujui mpaka siku ya kukata.

Katika safari zake alifuatana na Sudi, mdogo wake Zaituni. Zaituni ndiye aliyemlea Sudi tangu mama yao alipofariki. Alimbeba mgongoni naye mwenyewe angali msichana, na hakuwa na ndugu mwingine wa tumbo moja duniani. Kwa hiyo kila mara mumewe na mdogo wake walipokuwa wakisukuma mtumbwi majini, alisema neno moja lile lile, akimwita mumewe kwa jina la binti yao aliyekwisha kuolewa mbali.

"Baba Rehema, umemchukua, mrudishe."

Naye Feruzi alijibu vile vile. "Lini sijamrudisha?"

Sudi alicheka katikati yao. "Mnanipokezana kama gunia la mihogo."

Mwaka mmoja walikuja watu wa mradi. Walikuwa watu wazuri, tuseme ukweli, na walileta kitu kizuri. Waliwagawia manahodha kifaa kidogo kama kipande cha sabuni, chenye kamba ya kuvaa shingoni. Wenyewe walikiita jina refu, Kisongwe wakakiita jipiesi basi. Kijana wa mradi akawaeleza: simama pale unapotaka kurudi, bonyeza hapa, andika jina. Baada ya hapo popote utakapokuwa ziwani, mshale utakuelekeza, na namba zitakuonyesha umebakiza umbali gani.

Manahodha wengine walisimama mwaloni, wakabonyeza. Feruzi alipanda juu katikati ya nyumba. Akaipita nyumba ya Sudi, iliyokuwa ya kwanza kutoka majini, akazipita za majirani, akafika kwake nyuma kabisa chini ya jabali, kwenye nyumba aliyojenga baba yake. Akasimama mlangoni, akabonyeza, akaandika: NYUMBANI.

Wenzake wakamcheka. "Utaingia na mtumbwi mpaka chumbani?"

"Mimi nikitoka ziwani siendi mwaloni," alisema Feruzi. "Naenda nyumbani."

Kifaa kilifanya kazi, tena vizuri. Mvua ilipofunga ziwa, Feruzi aliufuata mshale, namba zikapungua, akaona mchanga wa kwao mbele yake. Akarudia mara ya pili na ya tatu. Mtu akishafanikiwa mara tatu hujiona ameumbwa na kufanikiwa. Akaanza kuwatania manahodha waliokuwa bado wanatega masikio. Aliwaambia wanaitwa na wake zao kama kuku wakati wa kulala. Wao walicheka, lakini walikereka, nao wakaweka maneno yake akiba.

Siku moja alimwambia mkewe aache kutwanga.

"Unajichosha bure, Mama Rehema. Mimi sihitaji tena."

"Sitwangi kwa sababu wewe unahitaji," alisema Zaituni.

"Unatwanga kwa sababu gani?"

Zaituni alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso. "Hicho chako kinakuambia nyumba iko wapi. Hakiniambii mimi wewe uko wapi. Nikikaa ndani mikono mitupu huku mko majini, nitakuwa mwendawazimu. Niache nitwange."

Feruzi alimwacha, lakini hakufurahi. Aliona kama mkewe anamwaibisha mbele ya wenzake.

Kisha ziwa likapanda.

Halikupanda kwa siku moja. Lilipanda misimu miwili ya mvua, na katikati ya misimu hiyo halikushuka kama wazee walivyoahidi. Lilikula mchanga wa mwaloni, likaingia vichanja vya kuanikia dagaa, likabisha hodi milangoni. Nyumba za udongo ziliyeyuka. Hata ile ya baba yake Feruzi iliyeyuka, pamoja na mlango wake, na pale ilipokuwa pakawa maji kama maji mengine.

Nyumba moja tu haikuyeyuka, ya Sudi. Aliijenga kwa matofali ya kuchoma na saruji, akisema anataka nyumba ya kumwingizia mke, nyumba ya kuzikwa nayo. Watu humwacha kijana aseme. Mawimbi yaling'oa bati zake usiku mmoja yakaondoka nazo, lakini kuta zilibaki zimesimama. Mwanzoni zilionekana juu ya maji. Ziwa lilipoongezeka zikafunikwa, na kwa kuwa haziko juu tena, watu wakaacha kuzitaja.

Kisongwe ikahamia upande wa kulia wa anayetokea ziwani, ng'ambo ya rasi ndogo, palipo na ghuba na mteremko unaofaa kujengwa. Siku ya kuhama watu walibeba magodoro na masufuria. Zaituni alibeba kinu. Alikitua kwenye mwalo mpya kabla hata ya kujua atalala wapi.

Manahodha wote wakaenda mwalo mpya, wakabonyeza vifaa vyao upya. Feruzi hakwenda.

"Umeweka kile kitu chako?" Zaituni alimuuliza.

"Kesho."

Kesho yake alimuuliza tena, akaambiwa kesho. Ukweli ni kwamba Feruzi hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa na huzuni. Walikuwa wanaishi chini ya turubai, yeye na mkewe na shemeji yake, na hakuweza kusimama mbele ya turubai lile na kuandika nyumbani. Na aliona kwamba akiifuta ile nyumba ya baba yake kwenye kifaa, basi itakuwa imezama mara ya pili, na safari hii kwa kidole chake mwenyewe. Mara nyingine, akiwa amekaa peke yake, alikiwasha kifaa ili tu auone ule mshale ukielekea kule.

Tena hakuona hasara yoyote. Hali ya hewa ikiwa njema alifuata mshale mpaka karibu, akaona rasi kwa macho yake, akakata kulia, akaingia ghubani. Mambo yalikwenda hivyo mwezi baada ya mwezi. Hakuna aliyejua ila mkewe na Sudi, na mkewe alichoka kuuliza.

Sudi alianza kujenga nyumba mpya kwenye mteremko. Kuta ziliposimama, alimwomba shemeji yake wafuate mabati mjini, upande wa pili wa ghuba kubwa. Mchumba wake alikuwa amengoja vya kutosha. Watu wa mchumba walikuwa wamengoja zaidi.

"Umemchukua, mrudishe," alisema Zaituni pale majini.

"Lini sijamrudisha?" alijibu Feruzi.

Walikwenda salama, wakapakia salama. Mabati mapya yalilazwa katikati ya mtumbwi, yakafungwa kamba, na Sudi akakaa juu yake kama bwana harusi. Njiani alikuwa anaongea tu. Alisema nyumba hii ya pili haitakuwa na dirisha upande wa ziwa, maana ziwa lilimwonyesha tabia yake. Alisema atampa dada yake chumba, ili atoke kwenye turubai, na kama shemeji anataka kuja naye itabidi aombe kwa adabu.

"Nitaomba kwa adabu," alisema Feruzi, na wote wawili wakacheka.

Alasiri, wakiwa wamebakiza sehemu ndogo ya safari, mvua iliwakuta. Haikuanza kwa matone. Ilishuka kama mtu amemwaga ndoo, na mara hiyo hiyo vilima vikatoweka, rasi ikatoweka, na Sudi aliyekuwa mbele akawa kivuli. Feruzi alishusha tanga nusu, akashika kasia la usukani, akakitazama kifaa kifuani. Mshale ulikuwa pale pale, mtulivu. NYUMBANI, mbele.

Mvua ilipiga juu ya mabati kwa kelele ambayo haikuruhusu hata kufikiri. Ndani ya kelele hiyo Sudi aliinua kichwa.

"Shemeji, nimesikia kinu."

"Wapi?"

"Kulia."

"Ni mabati hayo."

Sudi hakubishana. Alivuta magunia matupu na kipande cha turubai, akayatandika juu ya mabati, kisha akajilaza juu yake na mikono ameitanua, ili mvua impige yeye mgongoni badala ya bati. Kelele ikapungua. Wakasikiliza wote wawili.

Mapigo matatu. Kimya. Mapigo matatu. La tatu lilikuwa zito.

"Huyo dada," alisema Sudi. "Yuko kulia kwetu. Tukate."

Feruzi alilisikia. Alilisikia pigo lile kama mtu anavyolisikia jina lake, na moyo wake ukageuka kuelekea kulia kabla ya mkono. Lakini alikitazama kifaa, na mshale ulikuwa unaelekea mbele.

"Sauti hupotoka kwenye mvua," alisema. "Inagonga jabali, inarudi. Mshale haupotoki."

"Mshale wako unaelekea kijiji cha zamani, shemeji. Si unajua?"

"Najua. Kule ni mlangoni kwetu, nyuma kabisa. Bado mbali, namba hizi hapa. Tukikaribia zaidi nitaiona rasi, ndipo nikate kulia, tuingie ghubani vizuri. Nikikata sasa, bila kuiona, tutaigonga."

Hesabu yake ilikuwa na maana, na ndiyo iliyomponza. Alipiga hesabu mpaka mlangoni kwake. Alisahau kwamba mtu akitoka majini kwenda mlangoni kwake, hupita kwanza milango ya watu.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Feruzi hakulisema siku ile ila alilisema baadaye, mbele za watu, bila kuulizwa. Aliwafikiria manahodha wenzake. Walikuwa wamekwisha kufika, wamejikunyata mwaloni wakiota moto. Angetokea kwenye mvua akifuata kinu cha mkewe, baada ya maneno yote aliyosema. Aliwaona jinsi watakavyotabasamu. Kwa ajili ya tabasamu hilo alishika kasia likabaki lilivyo.

Nyayo zake zilimwambia. Wimbi lilianza kurudi, fupi, la haraka, lile ambalo baba yake alimwambia kwamba limegonga kitu kilicho karibu. Alilihisi chini ya vidole. Akajiambia ni mzigo wa mabati unaotikisika.

"Shemeji," alisema Sudi tena, taratibu. "Dada hakosei."

"Nahodha nani humu?"

Sudi alijiinua. "Wewe. Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Akaketi juu ya magunia yake, uso ameuelekeza kulia, upande wa kinu, akaendelea kusikiliza peke yake.

Mtumbwi ulisimama ghafla. Haukuyumba kwanza, ulisimama tu, na ubao wa chini ukapasuka kwa sauti kavu. Kamba za mabati zilikatika. Mzigo wote uliteleza mbele kwa mara moja, ukiwa umemchukua Sudi, na mtumbwi ukainuka nyuma ukamtupa Feruzi majini.

Alipoibuka aliita. Alipiga mbizi, akashika bati, akakatika kiganja, akaibuka, akaita. Alipiga mbizi mpaka kifua kikakataa. Chini kulikuwa na kitu kigumu kilichonyooka, kama ukingo, na akili yake haikuweza kukipa jina. Maji yalikuwa meusi kwa mvua na hakuna sauti iliyomjibu, isipokuwa moja, kwa mbali, upande wa kulia. Mapigo matatu, kimya.

Aliogelea kuelekea kwenye sauti. Alipopotea alisubiri, ikaja tena. Alipochoka alilala chali, maji yakamfunika masikio, akageuka ili aisikie. Kile alichokataa kukifuata akiwa na mtumbwi na mtu, alikifuata akiwa hana chochote.

Aliingia ghubani akitambaa kwa magoti. Mwaloni walikuwepo Zaituni na jirani yake Bi Mwamini, wamelowa chapachapa, wanapokezana kutwanga. Manahodha walikuwepo pia. Hakuna aliyetabasamu.

Zaituni alimtazama mumewe, kisha akatazama nyuma yake, kwenye mvua.

"Yuko wapi?"

Kifuani pa Feruzi kifaa kilikuwa kinawaka bado. Mshale ulikuwa umegeuka, unaelekea ziwani alikotoka. NYUMBANI.

Zaituni hakulia. Alimpokonya Bi Mwamini mchi, akarudi kwenye kinu chake, akatwanga. Mapigo matatu, kimya, akisikiliza. Mapigo matatu, kimya. Mvua ilikatika, mitumbwi miwili ilitoka kutafuta ikarudi, giza likaingia, naye anatwanga. Bi Mwamini alisimama karibu yake bila kumgusa. Wapo waliotaka kumwondoa, lakini nani angemwambia mwanamke aache kumwita mdogo wake?

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kama halikufanya kitu. Manahodha walikwenda kijiji cha zamani, Feruzi akiwa kati yao, ameketi tu, hakupewa kasia. Maji yalikuwa maangavu, na mmoja wao akainama kutazama, akawaita wenzake kwa mkono.

Chini yao kulikuwa na nyumba. Kuta za matofali ya kuchoma, mlango, madirisha mawili ya upande wa ziwa. Mabati mapya yalikuwa yamelala juu ya kuta zile, moja kando ya jingine, yakimeta. Mtu asiyejua angesema kuna fundi aliyeezeka. Walipopiga mbizi wakayainua, walimkuta Sudi ndani, sebuleni kwake.

Hapo ndipo Feruzi alipofahamu ukingo ule ulikuwa wa nini. Hakuligonga jabali wala rasi. Alimgongesha shemeji yake kwenye nyumba ya shemeji yake.

Walimzika Sudi mteremkoni, karibu na zile kuta mpya zisizo na paa. Baada ya maziko manahodha walikaa pamoja mwaloni, na kwa uchungu waliokuwa nao waliamua vifaa vyote vikusanywe vikatupwe ziwani. Mmoja alikuwa tayari amevua cha kwake. Ndipo Feruzi aliposimama, akawaeleza habari ya kinu alichokisikia, na wimbi lililomgusa nyayo, na tabasamu lao alilolikwepa. Hakubakiza kitu.

"Msivitupe," alisema. "Changu hakikukosea. Nilikiambia kinirudishe nyumbani kwa baba, kikanirudisha. Mimi ndiye niliyekuwa sitaki kukiambia kwamba tumehama."

Yule aliyevua kifaa alikivaa tena polepole.

Kwa muda mrefu Zaituni hakuzungumza na mumewe neno lisilo la lazima. Alimpikia na kumfulia. Akiuliza chumvi iko wapi alijibiwa. Feruzi alisubiri matusi na laana, na alivitamani, maana vingemsaidia kulala. Havikuja. Kisha jioni moja, walipokwisha kuhamia kwenye kijumba chao kipya, Feruzi akiwa anakunja lile turubai, Zaituni alisimama mbele yake.

"Nilikuita siku ile, Baba Rehema. Mikono ilinichubuka. Nataka kujua jambo moja tu. Ulinisikia?"

Waliokuwa mwaloni walisikia ungamo lake, lakini Zaituni hakuwepo. Alikuwa ndani na wafiwa wanawake, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumweleza. Feruzi angeweza kusema mvua ilikuwa kubwa. Angeweza kusema mabati yalipiga kelele. Vyote vilikuwa kweli, na mkewe angeamini, na labda wangezeeka pamoja kwa amani ya aina fulani.

"Nilikusikia," alisema.

Zaituni aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea kitu alichokuwa akikijua uzito wake. Akaingia ndani. Tangu jioni hiyo hakugusa mchi wake tena, hata kwa kutwangia kisamvu. Huazima kinu cha Bi Mwamini.

Mvua ya kufunga ilikuja tena, kama inavyokuja. Mitumbwi ilikuwa ziwani. Wanawake walitoa vinu vyao, na kinu cha Zaituni kikabaki kimelala ukutani. Feruzi alikitazama kwa muda. Kisha akakibeba, yeye mwanamume, mbele ya kijiji kizima, akakisimamisha mwaloni, akashika mchi. Kwa Kisongwe mwanamume kushika mchi ni jambo la kutungiwa jina la utani. Siku ile hawakumtungia.

Kabla hajaanza alikishika kifaa chake, akasimama pale pale penye kinu, akabonyeza. Mahali pa zamani pakafutika, na palipo na kinu pakaandikwa NYUMBANI.

Kisha akatwanga. Mapigo matatu, la tatu zito, kimya, akisikiliza. Mitumbwi ikaingia mmoja mmoja, mingine ikifuata mshale, mingine ikifuata kinu, mingi ikifuata vyote viwili. Na mpaka leo, mvua ikifunga, ndivyo anavyofanya. Mtumbwi wa mwisho ukishatia nanga, watu wote wakishakwenda kuota moto, yeye hubaki nyuma kidogo, akaongeza mapigo matatu ambayo si ya mtumbwi wowote.

Zaituni akiyasikia hayo ya mwisho, hufunga dirisha.

Funzo: Kifaa hukurudisha mahali ulipokiambia, lakini anayekupenda hukuita kutoka mahali alipo leo. Viwili hivyo vikitofautiana, usione haya kuifuata sauti inayokuita, maana aibu ya kuitwa huisha siku hiyo hiyo, na majuto ya kutoitikia hayana mwisho.